Sato na Furu: shajara ya sungura wawili wa Igoma, Mwanza

Jumamosi, 20 Julai 2024

Shemeji amepiga simu kutoka Usagara. Mradi wake wa sungura wa nyama anaufunga, maana wateja walikuwa wa kubahatisha. Karibu wote ameshawauza. Wamebaki wawili, watoto wa wiki sita, bado wako na mama yao. Kama binti yangu anawataka, nikawachukue bure wakifikisha wiki nane.

Binti yangu ana miaka tisa. Ameniomba sungura tangu mwaka jana, na kila mara nilimjibu "tutaona". Safari hii niliifunika cherehani, nikakaa naye barazani tukazungumza kikubwa. Nikamwambia sungura akitunzwa vizuri huishi miaka minane, hata kumi na zaidi. Akahesabu kwa vidole. "Baba, nitakuwa na miaka kumi na tisa." Ndiyo, nikamwambia, na mpaka hapo hakuna kuchinja wala kuuza.

Mama watoto alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Aliuliza swali moja tu: siku mtoto ana mtihani na baba ana oda ya sare, nani atakata majani? Nikasema mimi. Nimeliandika hapa, nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, nisije nikalikana. Sijawahi kufuga kitu zaidi ya kuku, kwa hiyo kila nitakachojifunza nitakiandika humuhumu.

Sharti letu ni banda kwanza, sungura baadaye.

Jumamosi, 27 Julai

Banda limesimama. Seremala wa mtaani alinikatia mbao, mimi nikapiga misumari, binti akapima kwa futi yangu ya kupimia nguo. Urefu sentimita 200, upana 80, kimo 75, ili sungura akisimama kwa miguu ya nyuma masikio yasiguse paa. Shemeji alipoona picha alishangaa, kwake sungura mmoja anakaa kwenye kizimba ambacho akigeuka tu ameshagusa kuta zote. Simlaumu, yeye alikuwa anasubiri kilo. Mimi nataka wakimbie.

Pa kuliweka ndipo palinisumbua. Nyumba yetu imebanwa na miamba miwili, kama nyumba nyingi za Mwanza. Nafasi iliyo wazi iko chini ya mwamba wa magharibi, na nilikuwa nimeshachimba mashimo ya nguzo pale. Juzi saa mbili usiku nikauegemea huo mwamba nikiongea na simu. Ulikuwa na moto kama jiko lililozimwa sasa hivi! Unanyonya jua mchana kutwa, usiku unalirudisha. Nikafukia mashimo, nikahamia chini ya mwembe, upande unaopata upepo wa ziwa mchana.

Kwa shemeji sakafu ni wavu mtupu, kinyesi kidondokee chini. Kusafisha ni rahisi, lakini wayo wa sungura hauna nyama laini kama wa paka, ni manyoya tu juu ya ngozi, na wavu huuchubua mpaka kidonda. Nimeweka mbao, juu yake maranda na nyasi, na kwenye kona karai la plastiki. Nasikia sungura huchagua kona moja ya haja, ukiweka karai hapo atalitumia. Ubavuni nimefunga wavu wa chuma wa matundu madogo. Wavu wa kuku mbwa huuchana kwa meno, na hapa kwetu paka hawakosekani kwa sababu ya magunia ya dagaa ambayo mama watoto huleta kutoka soko la samaki la mwaloni Kirumba. Nguchiro pia nimewahi kuwaona miambani. Miguu minne ya banda imesimama ndani ya makopo yenye oili chafu, siafu wasipande.

Mbao, wavu, bati, bawaba na komeo vimekula shilingi 118,000. Sungura bure, nyumba yao ndiyo ghali.

Binti ameuliza kama pimbi wa kwenye miamba ni ndugu wa sungura. Nimemwambia hapana, ndugu wa pimbi ni tembo. Hakuniamini mpaka alipomuuliza mwalimu wake.

Jumamosi, 3 Agosti

Wamefika. Nimewabeba kwenye boksi lenye matundu, nyasi chini, kwa bajaji kupitia barabara ya Usagara hadi Kisesa, kisha nyumbani. Shemeji alinifundisha kuwashika: mkono mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya makalio, mwili wote uegemee kwako. Masikio usiguse. Picha za mtu kamshika sungura masikio nimeziona tangu utoto na nilidhani ndivyo anavyobebwa. Kumbe akining'inia na kurusha teke, nguvu ya miguu ile inaweza kumvunja uti wa mgongo mwenyewe.

Wa kijivu, mkubwa kidogo, binti amemwita Sato. Wa mabaka meusi amemwita Furu, kwa sababu ni mdogo, na kwa sababu bibi yake humsimulia jinsi samaki wadogo waitwao furu walivyokuwa wengi ziwani kabla ya sangara kuwapunguza. Shemeji anasema wote majike.

Tangu saa tisa alasiri wamejibanza kona ya nyuma, hawajagusa kitu. Nimemzuia binti asiwatoe. Saa nne usiku nimetoka na tochi ya simu nikasikia kutafuna, nikazima tochi haraka.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Nimempeleka binti viwanja vya Nyamhongolo. Kwenye mabanda ya mifugo kulikuwa na mzee mmoja na sungura wake wakubwa weupe. Nikamwamkia, nikamweleza hali yangu, akaniuliza: "Asubuhi unaanza kumtazama nini?" Nikasema macho, masikio, pua. Akatikisa kichwa. "Tazama kinyesi kabla hujamtazama uso. Uso wake atakuficha, kinyesi hakifichi."

Akaeleza taratibu, watu wakijipenyeza nyuma yetu. Sungura ni windo. Akionyesha kuumwa, mwewe anamchagua yeye. Kwa hiyo atakaa kimya mpaka hali iwe mbaya kabisa. Mbuzi atalia, kuku atazubaa na kushusha mabawa, sungura atanyamaza tu. Mwenye sungura inabidi ajue afya inavyoonekana, ili siku ikibadilika aone. Vigololi vya mviringo, vikavu, vya ukubwa unaolingana, vingi, ukivivunja ndani ni majani matupu: huyo mzima. Vikiwa vidogo, vyenye ncha au vichache, jiandae. Visipokuwepo kabisa, usingoje jioni.

Nimenunua daftari dogo la kuning'iniza bandani.

Jumatatu, 12 Agosti

Leo alfajiri nilishtuka. Sato ameinama, kichwa katikati ya miguu, anakula kitu kinachotoka nyuma yake. Nilidhani nimewashindisha njaa. Nikampigia mzee wa Nyamhongolo, aliyenipa namba, akacheka kwa upole. Sungura ana kinyesi cha aina mbili. Kigololi kikavu ni taka. Cha pili ni laini, kinang'aa, kimeshikana kama kishada cha zabibu, nacho ni majani yaliyochachuka kwenye utumbo na kujaa protini na vitamini. Hukila palepale kinapotoka. Ukimzuia, anadhoofu. Ukikikuta kimetapakaa sakafuni hakijaliwa, ujue chakula kimekuwa kitamu kupita kiasi.

Jumatatu, 19 Agosti

Chakula. Hapa ndipo nilipokuwa nimepotoka zaidi, nami nataka anayeanza asome vizuri.

Nilidhani sungura ni karoti na kabichi, kama kwenye vitabu vya watoto. Chakula chake hasa ni nyasi, kavu au mbichi, mbele yake mchana na usiku. Ana meno 28 na hayaachi kukua. Ya mbele huongezeka kama milimita mbili kwa wiki, na kinachoyasaga ni nyasi. Tumbo lake nalo linataka nyuzi za nyasi kila saa ili lisisimame. Karoti ina sukari, kipande cha kidole mara moja moja kinatosha. Kabichi humjaza gesi.

Kwa hiyo ratiba yangu ni hii. Saa kumi na moja na nusu asubuhi nakata ukoka nyuma ya shule, mbali na barabara, kwenye barabara kuna vumbi na mafuta ya magari. Mwingine nauanika. Mama mkwe ana sehemu yake ya mwamba anayoanikia michembe ya viazi vitamu, amenimegea upande wenye kivuli. Nyasi zikikauka kivulini hubaki za kijani na zenye harufu tamu. Kwenye jua kali hugeuka manjano na wanazikataa. Jioni kila mmoja anapata konzi ya majani: matembele, kishonanguo, siku nyingine sukuma wiki. Mchicha kidogo tu. Majani mapya nayaanza kwa jani moja, kesho yake naangalia karai.

Wasivyoruhusiwa kugusa: kisamvu kibichi, majani ya parachichi, na minyaa. Minyaa ndiyo inayonitia hofu, ua wote wa jirani ni minyaa, na utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Nimekata matawi yote yaliyoelekea bandani, kwa ruhusa yake.

Pumba za mahindi nimeacha. Gunia la kwanza nililonunua lilikuwa na harufu ya ukungu chini, na sumukuvu haionekani kwa macho. Badala yake nawapa vijiti vya mpera watafune.

Jirani mwenye bustani ya mchicha ameanza kuja kuomba samadi. Samadi ya sungura huwekwa shambani moja kwa moja bila kuozeshwa. Tumekubaliana: yeye samadi, mimi matembele.

Jumapili, 1 Septemba

Wananijua sasa. Nikifungua komeo Furu anakuja kunusa kidole. Jana jioni tuliwatoa uani, tumeziba mianya yote, na Furu akakimbia, akaruka juu, akajipinda hewani, kichwa huku na makalio kule, akatua na kukimbia tena. Mara tatu. Binti alipiga ukelele, Sato akagonga mguu wa nyuma chini, du! na wote wakapotea chini ya benchi. Kuruka ni furaha, kugonga mguu ni hatari imekuja. Tumejifunza yote mawili kwa sekunde moja.

Jumanne, 10 Septemba

Joto. Tangu Jumamosi upepo umekata. Sungura hatoi jasho, joto lake hutoka kupitia masikioni. Leo saa nane mchana Sato alikuwa amejinyoosha kwa ubavu, mdomo wazi kidogo, masikio yamewiva mekundu na mishipa imetokeza kama ramani ya mito. Nililowanisha vidole kwa maji ya mtungi, nikampaka masikioni polepole. Maji ya barafu au kumtumbukiza kwenye ndoo ni hapana, mshtuko unaweza kumuua. Nikatundika gunia lililoloweshwa upande wa upepo, na nikaomba kwa mama wa duka chupa mbili za maji zilizogandishwa kwenye friji lake. Nilizivika soksi nikaziingiza. Baada ya nusu saa Furu alikuwa ameegemeza ubavu wote kwenye chupa.

Juu ya bati nimeongeza nyasi za kuezekea. Nilipaswa kufanya hivyo Julai.

Jumapili, 22 Septemba

Saa kumi na mbili asubuhi. Karai la Sato halina kitu.

Nilisimama na ufagio nikitazama maranda masafi. Jana jioni aliacha matembele na nikajiambia ameshiba. Sasa amejikunja kona, miguu ameikalia, macho nusu, na nikikaribisha sikio nasikia meno yakisagana. Nimempa matembele, amegeuza uso. Nimempa kipande cha ndizi, hajanusa.

Nikaenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji akasikiliza nusu ya maneno yangu, akatoa dawa ya maji ya amoksilini, "mpe mdomoni mara mbili". Nilikuwa nimeshaishika. Sijui kitu gani kilinifanya nimpigie kwanza bwana mifugo anayetibu mbwa wa mtaa wa pili. Aliponisikia nataja hiyo dawa alipaza sauti: "Fundi, rudisha! Ukimpa sungura hiyo kwa mdomo, inaua bakteria wazuri wa tumboni, na yeye anafuata." Nikarudisha.

Alifika saa nne kwa bodaboda. Alimpima joto: 37.4. Sungura mzima ni kati ya 38.5 na 40, kwa hiyo alikuwa anapoa, na hiyo ni dalili mbaya kuliko homa. Akaweka sikio na kipimo tumboni, kimya, hakuna ngurumo. Akabonyeza kwa vidole viwili, taratibu sana. Tumbo halikuwa gumu wala halikuvimba kama puto, na hapo ndipo aliposema tuna nafasi. Lingekuwa limeziba kabisa, kumlisha kwa nguvu kungempasua. Sungura hawezi kutapika, kilichoingia lazima kipite.

Alimchoma maji chini ya ngozi ya mgongo, dawa ya maumivu, na dawa ya kuamsha utumbo. Kisha akaniachia kazi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, pembeni yake. Nyasi na matembele yaliyopondwa laini kwa maji, mililita chache kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya mdomo nyuma ya meno ya mbele, kila baada ya saa tatu. Kumsugua tumbo. Na kumfanya atembee.

Akaniuliza anacheza wapi. Nikamwonyesha baraza. Akatazama chini ya cherehani, akainama, akaokota uzi.

Jumatatu, 23 Septemba

Sijalala. Usiku tulipokezana, mimi na mama watoto. Saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili. Binti alikataa kwenda kitandani, akalala kwenye mkeka mkono umegusa boksi. Kila mara Sato alimeza matone machache na mengine yakamtiririka kidevuni, na nilimfuta kwa kipande cha popilini.

Saa moja na robo asubuhi nilisikia tumbo lake likinguruma. Nilikuwa nimeweka sikio juu ya manyoya. Mngurumo mmoja, kama mtu anavuta kiti chumba cha pili.

Saa tano na dakika kumi alitoa kinyesi. Vigololi vitano vidogo, vyeusi, vya umbo baya, vimetungwa kwenye uzi wa bluu kama shanga. Uzi ule naujua. Ni wa sketi za shule nilizoshona wiki iliyopita. Nimeuweka kwenye bahasha nikaibandika hapa kwenye ukurasa huu.

Jioni alikula jani moja la kishonanguo mwenyewe, kutoka mkononi mwa binti, akatafuna mpaka shina.

Kuanzia leo hakuna sungura barazani. Uwanja wao ni uani tu. Nimenunua ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya vipande na nyuzi, na nafagia mara mbili kwa siku, hata kama hawapiti.

Jumatano, 25 Septemba

Bwana mifugo amerudi kumwangalia Sato. Joto 38.9, karai limejaa. Akasema nimshike na Furu amtazame masikio, kuna utitiri unaopenda humo na kuacha maganda ya kahawia. Masikio masafi. Kisha akamgeuza, akabonyeza kidogo kwa vidole, akanitazama. "Fundi, huyu ni dume."

Watoto wa sungura ni vigumu kuwatofautisha, na kwenye wiki nane korodani kwa kawaida bado hazijashuka. Simlaumu shemeji. Lakini wana wiki kumi na tano sasa na wamelala pamoja kila siku. Nimegawa banda kwa wavu saa ileile, kila mmoja na karai lake. Mimba ya sungura ni siku 30 hadi 32. Binti amezungushia tarehe 27 Oktoba kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu, na ameweka boksi la kuzalia tayari. Sato akianza kujing'oa manyoya ya kifua, anatengeneza kiota.

Nimemuuliza bwana mifugo kama Furu anaweza kuhasiwa. Amesema amehasi mbuzi, mbwa na paka wengi, sungura wachache, na anataka wiki kadhaa Furu aongezeke uzito.

Jumapili, 27 Oktoba

Sato hajang'oa hata unyoya. Binti ana huzuni, mimi nimepumua.

Jumamosi, 2 Novemba

Furu amehasiwa. Mbwa hulazwa njaa kabla ya upasuaji, sungura hapana, anakula mpaka dakika za mwisho kwa sababu ile ile ya tumbo. Nilimpelekea matembele kwenye mfuko, na alipozinduka tu tukamwekea puani. Alikula baada ya saa moja na nusu. Nilihesabu kila dakika yake. Usiku vigololi tisa, asubuhi sikuhesabu tena.

Dume aliyehasiwa anaweza kutia mimba kwa wiki nne hadi sita bado. Wavu unabaki mpaka katikati ya Desemba.

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua. Jana usiku ilipiga kutoka ziwani kwa ubavu, ikaingia bandani na kulowesha nyasi zote kavu nilizohifadhi kwenye viroba. Zimeshaanza kunuka, nimezitupa zote, hata zilizoonekana nzima. Turubai upande wa kaskazini. Maranda nabadili kila siku badala ya kila siku tatu, maana unyevu huleta nzi, na nzi hutaga kwenye manyoya machafu. Kila jioni nawageuza na kuwaangalia chini ya mkia.

Jumapili, 15 Desemba

Tumeanza kuwaunganisha. Kwa wiki mbili nimekuwa nikibadilishana vitambaa vyao vya kulalia, Sato alalie harufu ya Furu na Furu ya Sato. Leo tumewakutanisha sebuleni, mahali ambapo hakuna hata mmoja anapoita kwake. Nilivaa glavu za jikoni. Sato alimkimbiza Furu mizunguko miwili, akamng'oa konzi ya manyoya mgongoni. Nikawatenganisha kabla ya hasira kupanda. Dakika kumi, basi.

Jirani wa mchicha alikuwa amekuja kuchukua samadi, akauliza kama hawa ni wa Krismasi. Binti akamjibu kabla yangu: "Shikamoo mama. Hawa ni wa miaka kumi." Mama akaitikia marahaba, akamtazama, akamwambia basi naye atapanda matembele zaidi.

Jumamosi, 21 Desemba

Siku ya saba sebuleni. Sinia moja la matembele katikati. Walikula kutoka pande mbili, vichwa vikikaribiana jani kwa jani. Majani yalipokwisha Furu akasogea, akashusha kichwa mpaka kidevu kikagusa mkeka, akakisukuma chini ya pua ya Sato, akatulia hapo. Sato hakufanya kitu kwa muda. Mama watoto aliacha kukuna nazi. Kisha Sato akaanza kumlamba paji la uso, polepole, kuelekea masikioni, na Furu akafumba macho.

Nimeondoa wavu wa katikati jioni. Nimekaa karibu na banda na kiti cha cherehani mpaka saa sita usiku, nisikie kama watagombana. Nilisikia kutafuna tu.

Jumapili, 22 Desemba

Saa kumi na mbili asubuhi. Binti ametangulia na ufagio na ndoo. Wamelala ubavu kwa ubavu, karai moja wameliacha tupu, wametumia la pili wote wawili.

"Baba," ameniita, "viko vingi mpaka sijui vipi ni vya nani."